Kupigwa danadana: hivi kazi ya kukufikishia huduma ni ya nani?

Mtu anaenda ofisi fulani kufuata karatasi moja tu. Kafika saa mbili asubuhi, kapanga foleni, kaunta kaifikia saa tano, anaambiwa fotokopi yake haina mhuri. Anaenda kugongewa mhuri, mwenye mhuri katoka. Kesho yake anarudi na mhuri, sasa anaambiwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa na la kwenye kitambulisho yamepishana herufi moja, alete kiapo. Kaleta kiapo, sistimu imegoma. Siku ya nne haendi tena, na kwenye ripoti ya mwezi ya ile ofisi huyu mtu hayumo popote, maana hakuna daftari wanaloandikwa walioondoka mikono mitupu. Jengo lipo, wafanyakazi wapo, bango ukutani linasema huduma ni bure, ila yeye hajaipata.

(Mimi herufi iliyonitesa ni "h". Moja tu. Aliyeisahau ni karani wakati wa kuandika, aliyezunguka kuirudisha ni mimi, na hiyo sentensi ndo makala nzima kama una haraka.)

Watu wakisema "tupanue upatikanaji wa huduma" kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni kujenga. Tawi jipya, jengo jipya, siku hizi programu mpya ya simu. Sikatai, mahali ambapo hakuna kitu lazima uanze na kuweka kitu. Lakini kila huduma ina kazi ndani yake ambayo watu hawaihesabu: kujua kwamba ipo, kujua kama inakuhusu, kuifuata, kujaza, kuambatanisha, kuthibitisha kwamba wewe ndo wewe, kusubiri, kufuatilia imefikia wapi. Hiyo kazi haipotei hewani hata siku moja. Ama ofisi inaifanya ama unaifanya wewe, na kila ofisi inapojipunguzia kidogo inakuangukia wewe, alafu juu yake wanaita "kuboresha ufanisi". Kwa hiyo mtu akikuambia huduma imerahisishwa, swali la kumuuliza ni moja: imerahisishwa kwa nani?

Wataalamu wa afya walianza kulichambua hili zamani kidogo. Mwaka 1978 mtafiti anayeitwa Tanahashi aliandika kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba huduma unaweza kuiangalia kama ngazi. Chini kabisa kuna watu ambao huduma ipo kwa ajili yao, kisha wanaoweza kuifikia, kisha walio radhi kuitumia, kisha walioitumia kweli, na juu kabisa wale iliowasaidia kama ilivyokusudiwa. Kila ukipanda ngazi watu wanapungua. Sasa fanya hesabu ndogo ya mfano tu: chukua watu 100, tuseme kila ngazi inapoteza watu 20 kwa kila 100 wanaoifikia. Ukipita ngazi 5 unabaki na watu kama 33. Na angalia utamu wa hiyo hesabu, au uchungu, kila idara ukiiuliza itakuambia sisi tumefaulu kwa asilimia 80, na kweli hakuna hata mmoja anayedanganya, ila theluthi mbili ya watu wamepotea njiani na hakuna wa kulaumiwa.

Miaka 3 baadaye, 1981, Wamarekani wawili, Penchansky na Thomas, wakaja na mgawanyo mwingine ambao mpaka leo unatumika sana: je huduma inatosha, je inafikika, je imepangwa kuendana na maisha ya mtu, je bei yake anaiweza, na je mtu anajisikia sawa kuitumia. Vinne kati ya hivyo vitano watu wanavielewa haraka. Hicho cha tatu ndo kinapitwa juu juu wakati kina mambo mengi. Chukua saa za kazi tu. Ofisi inafunguliwa saa ambazo kila mtu mwingine naye yuko kazini kwake, inafungwa saa ambazo watu wanatoka. Mwenye mshahara wa mwezi anaomba ruhusa nusu siku, basi. Anayelipwa kwa siku akienda kupanga foleni siku hiyo hana kipato, yani "bure" ya bangoni kwake ina bei, tena bei yake ni kubwa kuliko ya mwenzake mwenye hela zaidi. Ukisogeza saa za kufungua, hata siku moja tu kwa wiki ofisi ikae wazi mpaka jioni, hujajenga chochote na umepanua huduma kuliko kupaka rangi jengo zima.

Hata umbali nao si kilomita. Umbali ni muda na nguvu na mizigo na mtoto mgongoni. Mji wa Medellín kule Kolombia una mitaa ya watu wa kipato cha chini iliyopanda milimani, ukichora kwenye ramani ni karibu tu na mjini, ila kushuka na kupanda ilikuwa shughuli. Mwaka 2004 wakafungua Metrocable, yale mabehewa madogo yanayoning'inia kwenye waya, yakaunganishwa moja kwa moja na treni ya mjini. Hospitali hazikusogezwa, vyuo havikusogezwa, ofisi zilibaki pale pale, ila zote kwa mpigo zikawa karibu. Usafiri ni huduma inayofungua huduma nyingine, ndo maana nashangaa mtu akipanga zahanati na shule kwenye ramani bila kumuita mtu wa usafiri kwenye kikao.

Haya, tuje kwenye makaratasi, maana hapa ndo danadana zinapochezwa.

Watafiti Pamela Herd na Donald Moynihan wameigawanya mizigo ya namna hii mara tatu. Kuna gharama ya kujifunza, yani kujua huduma ipo na masharti yake yakoje. Kuna gharama ya kutimiza masharti, hizo fomu na viambatanisho na nenda rudi. Na kuna gharama ya moyoni: aibu, hofu, kuongeleshwa kama mwizi, kuulizwa kwa sauti mbele ya foleni nzima kitu ambacho ungekisema kwa kunong'ona. Hii ya tatu watu wa mipango hawaigusi kwa sababu haipimiki kirahisi, lakini muulize mtu yeyote kwa nini hakurudi, hataanza na umbali, ataanza na "yule dada wa kaunta alivyonijibu".

Mfano mzuri wa makaratasi kula watu ni jimbo la Arkansas, Marekani, mwaka 2018. Huko kuna bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, Medicaid. Jimbo likaweka sharti: baadhi ya wanachama wawe wanafanya kazi au shughuli zinazotambulika saa 80 kwa mwezi, na kila mwezi waripoti. Kwenye karatasi inasikika kama jambo la busara, nani atapinga watu kufanya kazi. Sasa kuripoti kwenyewe mwanzoni ilikuwa kwa tovuti tu, na hiyo tovuti ilikuwa inafungwa saa 3 usiku mpaka saa 1 asubuhi, naam, tovuti, inafungwa, kama duka. Kufika mwisho wa mwaka watu zaidi ya 18,000 walikuwa wameshatolewa kwenye bima, na mapema 2019 jaji akasimamisha mpango. Watafiti walipokuja kuangalia wakakuta zaidi ya asilimia 95 ya waliolengwa walikuwa tayari wanatimiza sharti au walistahili kusamehewa. Ajira nazo hazikuongezeka. Kwa maneno mengine kichujio hakikuchuja wavivu, kilichuja watu wasioweza kuripoti, na hayo ni makundi mawili tofauti kabisa. Ukikutana na masharti mengi kwenye huduma yoyote kumbuka hilo: kila karatasi unayoongeza inamzuia tapeli mmoja (pengine, maana tapeli ndo mtu mwenye karatasi zote zimekamilika siku zote) na inawaangusha watu kadhaa ambao ni haki yao.

Na hapo ndo wanapozaliwa vishoka. Kila mtu anawalaani vishoka, na sawa, wanakamua watu. Ila jiulize kishoka anauza nini hasa. Anauza kujua. Anajua dirisha lipi, siku ipi, karatasi ipi haisomwi na nani na ipi isipokuwepo unarudishwa, na anakusimamia foleni. Yani anauza ile kazi ambayo ofisi imekataa kuifanya. Unaweza kuwafukuza getini kila Jumatatu, Jumanne watakuwa wamerudi, soko lao umelitengeneza wewe mwenyewe. Weka mtu mmoja mwenye kiti na meza mlangoni ambaye kazi yake ni kukagua karatasi za watu KABLA hawajapanga foleni, uone kishoka atakula nini.

Sasa mtu wa teknolojia atasema hayo yote yanaisha ukiweka kila kitu mtandaoni. Hapa inabidi twende taratibu, kwa sababu kweli inaweza kuyamaliza na kweli inaweza kuyazidisha, inategemea kazi umeihamishia wapi.

Chukua M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Watu wanaisimulia kama hadithi ya simu. Mimi naona simu ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya kwanza ni kwamba iliwekwa kwenye laini yenyewe, menyu fupi, kitochi cha batani kinatosha, hauhitaji bando wala simu ya kupapasa. Nusu ya pili ni wakala. Mtu ana kibanda mtaani kwenu, yuko wazi mpaka usiku, anaongea lugha yako, ukikosea anakuelekeza, unampa hela taslimu anakurudishia hela ya kwenye simu. Benki ilikuwa inakutaka wewe uifuate, hii ikakufuata wewe, na kazi ya kukuelewesha akapewa mtu anayelipwa kamisheni kuifanya. Ukitoa wakala ukabakiza simu peke yake sidhani kama tungekuwa tunaiongelea leo.

Kinyume chake ni ile huduma ya mtandaoni ambayo ni fomu ile ile ya zamani imepigwa picha ikawekwa kwenye tovuti. Unaishusha, unaiprinti, unaijaza kwa peni, unaiskani, unaipandisha, faili likizidi ukubwa linakataliwa. Ofisi imeokoa karatasi, wewe umelipia karatasi, wino na bando. Mwenye ulemavu wa kuona anayetumia programu ya kumsomea skrini, hiyo picha kwake ni ukimya, programu haioni herufi inaona picha tu. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini uliyoipoteza mwaka juzi. Ukikwama hakuna wa kumuuliza, kuna maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na lako halimo.

Alama za vidole nazo zina kisa chake. India ilianza kutoa namba za Aadhaar mwaka 2010, na leo ni mfumo mkubwa kuliko wote duniani wa utambulisho wa namna hiyo, zaidi ya watu bilioni 1. Umewapa utambulisho watu ambao hawakuwa na karatasi yoyote, hilo si jambo dogo. Lakini vidole vya anayebeba matofali au anayelima kwa mikono au vya mzee wa miaka 80 vinalika, mashine inakataa, na pale ambapo chakula cha ruzuku kilifungwa kwenye kidole mtu akawa anarudi nyumbani bila mgao kwa sababu ngozi yake imechoka kufanya kazi. Dawa yake haikuwa kufuta mfumo, ilikuwa kuwa na njia ya pili, kama mboni ya jicho, au namba ya simu, au mtu wa ofisini mwenye mamlaka ya kusema huyu namjua mpeni. Njia ya pili si mapambo. Kama huduma ni ya lazima na mlango ni mmoja, basi siku mlango ukigoma umemnyima mtu haki yake.

Kuna jaribio jingine la kuangalia nani kabebeshwa, nalo nalipenda kwa sababu nchi mbili zimetumia kitu kile kile kwa njia mbili. Estonia mwaka 2001 walianza kutumia X-Road, mfumo unaoruhusu kanzidata za serikali kuulizana zenyewe kwa zenyewe. Msingi wake ni kwamba serikali ikishakuuliza taarifa mara moja isikuulize tena, kama idara moja ina cheti chako cha kuzaliwa idara nyingine ikiombe huko, si wewe utembee na fotokopi. Na mwananchi anaweza kuangalia nani kachungulia taarifa zake. Huko kazi ya kubeba karatasi imehamia kwa ofisi.

Australia nao wakaunganisha taarifa, za kodi na za malipo ya ustawi wa jamii, kwenye mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt. Kompyuta ikachukua kipato cha mtu cha mwaka mzima ikakigawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, ikikuta hakiendani na alichoripoti inamtumia barua ya deni. Shida ni kwamba watu wengi wa kipato cha chini hawapati hela sawasawa, mwezi huu kazi ipo mwezi ujao haipo, kwa hiyo madeni mengi yalikuwa ya hewa. Na kazi ya kuthibitisha kwamba hudaiwi ikawa ya kwako, katafute hati za mshahara za miaka iliyopita, kwa mwajiri ambaye pengine alishafunga. Mamia ya maelfu ya watu yakaguswa, mwaka 2019 serikali ikakubali mahakamani kwamba kudai kwa wastani namna ile hakukuwa halali, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti nzito mwaka 2023. Teknolojia ni karibu ile ile, kuunganisha kanzidata. Moja ilitumika kumtua mtu mzigo, nyingine kumtwika.

Kuna jambo la muda mwafaka pia. UNICEF walisema mwaka 2024 kwamba watoto kama milioni 150 wa chini ya miaka 5 duniani hawajasajiliwa kuzaliwa. Mtu asiye na cheti anakuja kukutana na hilo pengo mara ishirini maishani, shule, mtihani, laini ya simu, benki, urithi. Mzazi wa mtoto mchanga ana kazi ngapi? Ukimwambia aende ofisi nyingine ndani ya siku kadhaa akasajili, hataenda, si mjinga, amechoka. Usajili ukifanyika pale pale wodini au siku ya chanjo, mtu tayari yupo, mtoto tayari yupo, kilichobaki ni mtumishi mwenye kitabu au simu. Huduma inayodandia safari ambayo mtu ameshaifanya inafika mbali kuliko ile inayodai safari yake peke yake.

Na usije ukadhani ukishamfungulia mmoja umewafungulia wote. Ukingo wa barabara ya waenda kwa miguu, ile ngazi ndogo, ukiuchonga ukawa mteremko, kiti cha magurudumu kinapita, na mama mwenye kigari cha mtoto anapita, na mwenye mkokoteni, na msafiri mwenye begi la kuburuta. Mji wa Kalamazoo, Marekani, ulichonga miteremko hiyo miaka ya 1940 baada ya vita kwa ajili ya askari waliorudi na majeraha, na huo mfano unasimuliwa kila mahali kuonyesha kwamba ukimsaidia mmoja wote wanafaidi. Kisichosimuliwa sana ni kwamba yule asiyeona alikuwa anautegemea ule ukingo. Fimbo ikigonga ukingo anajua hapa barabara inaanza, simama. Ukiusawazisha anaweza kuingia katikati ya magari bila kujua. Mjapani Seiichi Miyake alikuwa ameshabuni mwaka 1965 matofali yenye vinundu unavyovihisi kwa mguu au fimbo, yakatandikwa mara ya kwanza mji wa Okayama mwaka 1967 karibu na shule ya wasioona, na leo unayakuta kwenye vituo vya treni na vivuko nchi nyingi. Mteremko NA vinundu, pamoja. Ndo maana kikao cha kupanga huduma kikiwa na mtu mmoja wa "kuwakilisha wenye ulemavu" mimi naanza kucheka, atawakilisha kiti au fimbo?

Mwaka 1971 daktari mmoja aliyekuwa anatibu wachimba makaa ya mawe huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri ya tiba huwa inapatikana kinyume na mahitaji, wanaoihitaji zaidi ndo wanaoipata kidogo, na hali inakuwa mbaya zaidi kadiri soko linavyoachiwa. Aliita sheria, kama za fizikia. Na inaeleweka kwa nini, kwa sababu kazi ile tuliyoisema, ya kujua na kujaza na kufuatilia, inahitaji muda, elimu na utulivu wa akili, na mgonjwa au mwenye njaa au mwenye msiba ndo hana hivyo vitu wiki hiyo. Ukiweka huduma mpya bila kuangalia hilo, wa kwanza kuifaidi ni wale wale ambao hata bila hiyo wangejimudu.

Tatizo la kupima limebaki kama lilivyokuwa. Ofisi zinahesabu waliohudumiwa. Zinatoa fomu ya maoni kwa aliyekwisha kuhudumiwa, ambaye bila shaka ameridhika, si amepata. Aliyerudi nyumbani hajaulizwa. Ukitaka kujua watu wanapotelea wapi usianze na meneja, anza na mlinzi wa getini, yeye ndo anawaona wakitoka na bahasha ile ile waliyoingia nayo, na wengine wanasimama hapo hapo kumlalamikia. Mpe daftari lenye safu mbili, alikuja kufuata nini, karudi kwa sababu gani, asiandike jina la mtu yeyote. Mwezi mmoja tu. Alafu hilo daftari lisiishie kwa katibu muhtasi, lisomwe kwenye kikao na yule yule aliyeandika ile orodha ya viambatanisho.